Mfereji wa Taa wa Nyumba ya Bi Khole

Nyumba ikiungua Tabora, muuaji anajulikana kabla majivu hayajapoa: hitilafu ya umeme. Hana wakili, hana ndugu, na ukimuuliza kitu hajibu. Safari hii, hata hivyo, hitilafu ilipewa mwenzake wa kufungwa naye. Amon, fundi wa dari za jipsamu, alikuwa sero, na kesho asubuhi angepandishwa mahakamani kwa kosa la kumuua Bi Khole bila kukusudia.

"Ukiniletea mtu mwingine kabla ya jioni, sawa," Mkuu wa Upelelezi alimwambia Inspekta Dionis Kashindye. "Ukiniletea mashairi, fundi anaondoka na karandinga."

Dionis alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye macho yanayotembea kama kuku anayetafuta punje. Akashuka hadi sero, akavuta stuli, akakaa mbele ya nondo.

"Umekula, fundi?"

"Mke wangu kaleta, afande. Haikushuka."

"Chakula cha mke kikigoma kushuka, kesi nzito hiyo. Haya, niambie tena. Zile taa uliziunganisha, hukuziunganisha?"

"Sikuziunganisha." Amon alikuwa ameshasema mara nyingi mpaka maneno yamechakaa. "Lile dari nimelishusha, halikufika ukutani. Pembeni kote nikaacha mfereji. Mkanda wa taa unalala humo ndani, wewe uliyekaa kwenye kochi huuoni, unaona mwanga tu unamwagika ukutani. Sasa rangi ilikuwa mbichi. Kwenye rangi mbichi mkanda haushiki. Nikaulaza tu humo, ncha za waya nikazipiga fundo, juu ya fundo tepu nyeusi. Nikaondoka."

"Fundo la nini?"

"Watu wa majumbani hawana subira, afande. Ukiwaachia waya zimenyooka, ukigeuka tu wamezichomeka wenyewe. Fundo linamwambia mtu: ngoja mwenyewe."

"Jirani anasema aliziona zinawaka."

"Aliona nini? Hata mimi niliyezifunga sijaziona zikiwaka!"

"Ni za rangi gani?"

"Bluu. Bwana Nabhan ndiye alitaka bluu. Nikamwambia bluu ya baa hiyo, bosi, akasema fundi funga."

Dionis akainuka, akapiga suruali vumbi. Sajenti Josepha alikuwa anamngoja kwenye pikipiki, kofia ya chuma keshaivaa.

"Anadanganya?" Josepha akauliza.

"Sijui. Ila mtu anayetunga uongo hakumbuki kumlaumu mteja kwa rangi."

* * *

Nyumba ya Bi Khole ilikuwa Ng'ambo, mtaa wa mafundi cherehani na wauza vipuri vya baiskeli. Ilikuwa nyumba ya zamani, kuta nene za udongo, mlango wa kuchongwa uliopoteza nusu ya misumari yake ya shaba. Babu wa familia alifika na misafara ya pwani akiwa njiani kwenda Ujiji, akachoka, akajenga. Juu kabisa, chini ya bati, boriti za mikoko zilikuwa bado zimelala ubavu kwa ubavu, zimeshiba moshi lakini hazikuungua.

"Unaziona hizo?" Dionis alimwonyesha Josepha. "Zimetoka pwani kwa mabega ya Wanyamwezi. Mababu zangu. Nasikia hata chai hawakupewa. Nami nimekuja kuzikagua, chai vilevile sijaona."

"Afande, hapa watu wamefiwa."

"Ndiyo maana nimesema polepole."

Chini ya boriti hizo ndiko Amon alikoning'iniza dari lake. Upande wa mlango lilikuwa bado jeupe kama siku ya kwanza. Upande wa dirisha lilikuwa jeusi, limepasuka, limeinama, ila fremu zake za bati zilikuwa zimelishikilia. Chini ya dirisha palikuwa na chuma na springi za kochi. Hapo ndipo Bi Khole alipokuwa amelala. Moto haukumgusa sana. Sponji ya kochi ndiyo iliyotoa moshi, na moshi ulimmaliza kabla binti yake, Hafsa, hajafika kutoka uani alikokuwa akipika.

Dionis hakwenda kwenye weusi. Alianza na weupe. Akaegemeza ngazi kwenye kona ya mlango, akapanda akipumua kama mvukuto, akapitisha mkono ndani ya mfereji. Akapapasa. Akavuta kitu mpaka ukingoni.

"Josepha, njoo uone sanaa."

Ilikuwa ncha ya waya, imepigwa fundo gumu kama la kamba ya mbuzi, juu yake tepu nyeusi. Tepu haikuwa imeguswa.

"Labda upande wa pili ulikuwa na ncha nyingine."

"Mkanda ni mmoja, umezunguka chumba. Kinywa chake ndicho hiki, na kimeshonwa." Akashuka, akaenda ukumbini, akabonyeza swichi. Taa ya ukumbini ikawaka bila wasiwasi. "Na hii iko laini moja na sebule. Hitilafu gani hiyo inayoua mtu halafu inarudi kazini?"

Ndipo akaenda upande wa dirisha. Pale mfereji ulikuwa mpana zaidi, kwa sababu Amon alificha humo na reli ya pazia. Mapazia yenyewe yalikuwa yamebaki vipande sakafuni. Dionis akachuchumaa akavigeuza kimoja kimoja. Pindo za chini zilikuwa nzima, hata mshono wake unaonekana. Juu hakukubaki kitu.

"Moto ulianzia juu," Josepha akasema. "Ukashuka na pazia, pazia likaangukia kochi."

"Ukaanzia mferejini, ambamo hakuna umeme." Dionis alikuwa tena juu ya ngazi, tochi ya simu mdomoni. Akaitoa. "Kuna duara hapa."

"Duara la nini?"

"Karatasi ya bodi imeungua kote, kasoro hapa tu. Mviringo, sawa na sahani ya kikombe. Kuna kitu kilikaa hapa wakati wa moto, kikapakinga chini yake. Na sasa hakipo."

Josepha alikuwa keshatoka mbio. Akarudi kutoka stoo ya uani amebeba kopo la thina ya rangi, limebaki nusu, uso umeng'aa kama mtu aliyekamata mwizi na kuku mkononi.

"Afande, kopo la thina! Mtu kaliweka juu, kawasha, kaondoka. Na mtaani wanasema Nabhan alitaka nyumba iuzwe ajenge gesti. Mama ndiye alikataa."

Dionis akalipokea kopo, akaliweka juu ya duara. Kopo lilizidi pande zote.

"Kubwa."

"Labda lilikuwa jingine."

"Labda. Tukamuulize mwenye gesti. Lakini kwanza yule mama wa taa."

* * *

Mama wa taa alikuwa Kabula, muuza maandazi wa upande wa pili wa barabara. Meza yake ilitazama moja kwa moja dirisha la Bi Khole.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Leo mmekuja kununua au kuuliza?"

"Kuuliza, ila tutanunua ili tuulize vizuri." Dionis akachukua andazi, akampa Josepha jingine. "Ile jioni. Uliona taa."

"Niliona, si nimeshaandikisha? Magharibi ilikuwa inaingia. Nikainua macho, nikaona kule darini mwao panawaka. Nikasema, hee, Waarabu wetu washaweka taa za kisasa, zile za kujificha. Zinapendeza."

"Zilikuwa zinawaka dari zima?"

"Hapana. Pale juu ya pazia tu. Halafu zikawa zinatambaa hivi, pole pole."

"Rangi gani?"

"Rangi ya chungwa. Chungwa lililoiva."

Josepha akaacha kutafuna.

"Mama," Dionis akasema kwa upole, "taa za nyumba ile ni za bluu."

Kabula akamwangalia yeye, akaangalia dirisha jeusi, akaweka koleo la maandazi chini. Mkono ukaenda kifuani.

"Mungu wangu. Nilikuwa nautazama moto."

"Hukujua."

"Nilikaa hapa nausifia, baba. Nikasema zinapendeza."

Alianza kulia bila sauti, machozi yakidondokea aproni. Dionis hakuwa na mzaha wa kumpa. Akangoja, kisha akauliza la mwisho: Nabhan alifika saa ngapi?

"Mama keshatolewa nje, keshafunikwa. Alikuja na bodaboda kutoka dukani, akaruka kabla haijasimama. Akapiga magoti pale barazani. Baadaye watu walipotawanyika ndiyo nikamwona anaingia ndani peke yake."

"Moto ulikuwa umezimwa?"

"Umeshazimwa zamani. Unafuka tu."

* * *

Wanaume wa matanga walikuwa wamekaa kwenye mikeka chini ya turubai, pembeni mwa nyumba. Nabhan, mwana pekee wa kiume wa Bi Khole, alikuwa mtu wa miaka hamsini, mrefu, ndevu zimekatwa vizuri, muuza vitambaa. Mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa bandeji. Akainuka, akamshika Dionis kwa mkono wa kushoto, akaomba radhi kwa kushoto huko.

"Pole sana, Bwana Nabhan. Mkono vipi?"

"Niliungua nikimtoa mama."

"Naomba nione."

"Umefungwa, Inspekta."

"Na mimi baba yangu alikuwa dresa wa zahanati ya Isikizya. Nitakufungia upya, bure."

Watu walikuwa wanatazama. Nabhan akaketi, akafungua. Kiganja kilikuwa kimebabuka kwa mstari uliopinda, kutoka kidole gumba hadi chini ya kidole cha shahada, na vidole vyenyewe vimefura malengelenge kwa ndani. Mgongo wa mkono ulikuwa mzima. Hata unywele haukuungua.

Dionis akaifunga bandeji polepole, vizuri kabisa, akapiga fundo.

"Ulipofika mama alikuwa wapi?"

"Ndani. Nimesema nilimtoa."

"Jirani anasema ulimkuta nje."

"Jirani muuza maandazi? Yule aliyeona taa? Nyie kila siku mnamsikiliza nani?" Sauti ilipanda, akaishusha. "Inspekta, mama yangu kafa. Fundi wenu kafunga waya hovyo. Mnatafuta nini tena hapa?"

"Kopo," akasema Josepha, ambaye hakujaliwa subira. "Ulitaka kuuza nyumba, si kweli?"

Nabhan akamtazama kama aliyetemewa mate. Kisha akacheka, kicheko kikavu kisicho na meno.

"Kwa hiyo nimemchoma mama yangu kwa ajili ya gesti. Haya, andikeni. Andikeni na hilo."

Dionis akamvuta Josepha kando, nyuma ya gari la mtu wa matanga.

"Nimekosea?" Josepha akauliza.

"Umekosea wakati, hujakosea mtu. Anaficha kitu, lakini si kiberiti. Mtu akiwasha moto ukamrukia, unamlamba nyusi, unamlamba mgongo wa mkono. Huyu kaungua kiganjani. Alishika kitu. Kitu cha moto, chenye ukingo wa mviringo, na alikishika baada ya moto kuzimwa."

"Kitu gani sasa?"

"Ndiyo nakutuma. Mimi kwa wanawake siingii. Nenda katoe pole, kaa kidogo, kunywa kahawa utakayopewa. Usiulize kitu. Angalia tu."

"Niangalie nini, afande?"

"Ningejua ningekwambia."

* * *

Josepha alikaa kwa wanawake muda wa kutosha Dionis kumaliza andazi la pili, la tatu, na kujuta. Aliporudi, Josepha alikuwa amekunja uso.

"Hakuna kitu. Wanasoma, wanalia, wanatoa kahawa. Yule binti, Hafsa, kakaa kona, hasemi. Hata mtu akimsalimia hajibu. Kitu kimoja tu, lakini ni cha mgonjwa."

"Sema hicho cha mgonjwa."

"Alikuja bibi mmoja mgeni, wa huko Ujiji, akatoa ubani kwenye kanga yake, akasema, jamani, nyumba ya Khole inanuka masizi, leteni chetezo tufukize. Mmoja akamwambia, chetezo hakuna, bibi. Yule bibi akashangaa: nyumba hii, hakuna chetezo? Akatia makaa kwenye kifuniko cha sufuria, akamwagia ubani. Moshi ulipofika kwa Hafsa, akainuka mbio, akaenda kutapika uani. Basi. Mimi nadhani hajala."

Dionis alikuwa amekulia mitaa miwili tu kutoka hapo, mtoto wa Kikatoliki kati ya majirani Waislamu, na hakuna nyumba ya watu hawa aliyowahi kuingia, ya harusi wala ya kilio, bila harufu kumpokea mlangoni kabla ya mwenye nyumba. Udi wakati wa furaha, ubani wakati wa msiba. Bi Khole hasa: ukipita barabarani magharibi, ungejua amekwisha kuamka kwenye usingizi wake wa alasiri kwa pua tu.

"Josepha. Wewe hukuzoea nyumba hizi. Hiyo si habari ya mgonjwa. Hiyo ndiyo habari."

Akarudi ndani ya sebule, akapanda ngazi mara ya tatu. Safari hii hakutumia tochi. Alitumia vidole. Akachambua majivu ya mferejini karibu na lile duara, kama mwanamke anayechambua mchele, mpaka akapata alichotaka: vipande viwili vya mkaa, vyepesi, vyenye mistari ya mti.

Jipsamu ikiungua inaacha unga. Reli ilikuwa ya aluminiamu. Pazia linaacha majivu. Mkaa hautoki popote pale isipokuwa jikoni.

"Mtu kaweka chetezo darini, cheche ikashika pazia," Dionis akasema, bado yuko juu, anaongea na boriti. "Nyie watu. Fundi kajenga mfereji wa taa, wao wakaona rafu."

* * *

Walimkuta Hafsa uani, ameketi kwenye ngazi ya jiko. Mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mjane, aliyerudi nyumbani kumtunza mama. Alikuwa mrefu kama kaka yake. Nabhan alikuwa amesimama mbele yake, kwa namna ya mtu anayeziba mlango.

"Inspekta, dada yangu mgonjwa."

"Nimesikia. Pole, dada Hafsa. Sitakuuliza maswali mengi. Nitakusimulia, ukiona nimekosea utanisahihisha." Akageuza ndoo, akaikalia, ikalia. "Chumba kilikuwa kinanuka rangi. Wageni walikuwa wanakuja?"

Hafsa hakuinua macho. Kaka yake akajibu: "Ijumaa. Posa ya binti yangu. Ndiyo maana tulitengeneza dari. Lakini hiyo..."

"Mama akataka udi."

Ndani, wanawake walikuwa wanasoma.

"Chetezo kimekwenda wapi, Bwana Nabhan? Na usiniambie hamkuwa nacho. Mimi mtoto wa Ng'ambo."

Nabhan akautazama mkono wake.

"Chooni," Hafsa akasema.

"Hafsa!"

"Kakitupa chooni. Kilikuwa bado cha moto, kakibeba hivyo hivyo." Sauti yake ilikuwa nzito, imekwaruzwa na matapishi. "Niache, Nabhan. Siku hizi zote umeniziba mdomo, sasa niache nipumue."

"Dada, ngoja hapo kidogo," Dionis akasema. "Sajenti akuonye kwanza. Una haki ya kunyamaza."

Josepha akamwonya, maneno yote, kama sheria inavyotaka. Hafsa alisikiliza mpaka mwisho, akiitikia kwa kichwa kama anayepewa dozi ya dawa.

"Nimeelewa. Mama macho yake yalikuwa yamekwisha. Mtoto wa jicho, pande zote mbili. Lakini udi hakuacha. Kila magharibi, Hafsa, nitilie udi. Nikimwekea chini, anakipiga teke. Mwezi wa Rajabu kilimmwagikia, makaa yakamchoma mguu, kidonda hakikupona mpaka Ramadhani. Nikawa namwekea dirishani, akawa anapapasa dirisha. Kila mahali mkono wake ulifika, au mguu. Sasa fundi akajenga kile kijukwaa cha juu. Nikapanda kwenye stuli, nikakiweka kule, mbali, mahali ambapo hafiki kabisa."

Akajifuta uso kwa ncha ya mtandio.

"Udi ukapanda, ukagonga dari, ukashuka chumba kizima. Mama alikuwa amejilaza. Akasema, Hafsa, leo udi unanyesha kama mvua. Akacheka. Nikaenda kugeuza wali."

Hafsa akayatazama makoleo na vyungu vya jikoni kwake kana kwamba ni vya mtu mwingine.

"Nilimwepusha na moto wa miguuni, afande. Nikamwekea wa kichwani."

Nabhan alikuwa ameinamisha uso. Alipouinua, ulikuwa wa mtu mzee.

"Nilikiona nilipoingia. Kimekaa pale juu, pazia lote limekwisha, chenyewe kizima. Nikajua. Inspekta, mama nilikuwa nimempoteza saa ile ile. Ningempoteza na dada? Watu wangemwita nani, mtaa huu, mpaka anakufa? Nikasema fundi ni kijana. Ni bahati mbaya ya kazi, watampa kifungo kidogo, atatoka. Mkewe ningemwangalia. Wallahi ningemwangalia."

"Ulimwuliza fundi?"

Nabhan akageuza uso ukutani.

"Babu yako na babu yangu waliingia mji huu kwa njia moja," Dionis akasema. Hakupaza sauti. "Wako mbele na mwavuli, wangu nyuma na mzigo. Amon naye ni Mnyamwezi wa hapa hapa. Naona mpaka leo hamjamtua."

"Basi andika mimi." Nabhan akanyoosha mikono yote miwili, mzima na mgonjwa. "Mimi ndiye niliweka chetezo. Mimi mwana wa kiume, nyumba yangu, dari langu. Andika mimi, tumalize."

"Umeshaandikisha mtu mmoja kwa kosa lisilo lake. Wa pili sikupi." Dionis akainuka kwenye ndoo. "Wewe utakuja kwa la kwako, la kuficha kielelezo na kusema uongo. Linatosha. Dada Hafsa atasema la kwake."

"Watanifunga?" Hafsa akauliza.

"Sijui, dada. Mimi si hakimu. Kazi yangu ni kusema nani aliweka nini, wapi. Hakimu naye ana mama, pengine."

"Sikuulizi ili nikatae." Akasimama. "Naomba ninawe uso. Na hawa walioko ndani msiwaambie sasa. Waache wamsomee mama mpaka wamalize."

* * *

Mfaume, konstebo wa kaunta, alikuwa na amri ya kumtoa Amon kabla hata maelezo ya Hafsa hayajapigwa chapa. Mkuu wa Upelelezi alisaini akiwa amesimama, akasema tu, "Haya si mashairi," akaondoka.

Kwa hiyo ikawa kwamba Amon alikuwa amekaa kwenye benchi la kaunta, anavaa viatu vyake alivyorudishiwa kwenye mfuko wa nailoni, wakati Josepha alipoingia na Hafsa. Dionis alikuwa nyuma yao. Kama angejua angewachelewesha, lakini wala hakufikiria.

Amon akasimama haraka, kiatu kimoja mguuni.

"Dada Hafsa. Poleni. Poleni sana kwa msiba." Alikuwa anaongea mbiombio, kama mtu anayeogopa kukatizwa. "Nilitaka kuja mazikoni, ila ndiyo hivyo, nilikuwa hapa. Mama alikuwa ananiletea chai mwenyewe, anapapasa ukuta, nikimwambia mama nitachukua, anasema fundi ni mgeni. Dada, kama umekuja kuniuliza, haki ya Mungu sikuziunganisha zile taa."

"Najua, Amon."

"Wamekwambia?"

"Nilijua tangu siku ile."

Amon alitabasamu nusu, tabasamu la mtu ambaye hajaelewa na hataki kuonekana hivyo. Mfaume alikuwa anajaza kitabu chake, kichwa chini, na kwa sababu ndivyo anavyowaambia wote wanaoingia, akasema:

"Viatu, dada. Na hereni. Na simu kama unayo."

Hafsa akainama akavua makubadhi yake. Akayapanga pamoja chini ya benchi, kando ya mfuko mtupu wa viatu vya Amon.

Fundi akayatazama yale makubadhi. Akamtazama yeye. Tabasamu lilikuwa bado lipo usoni kwake, limesahauliwa, wakati macho yameshaelewa.

"Siku zote hizi, dada?"

Hafsa akaendelea kuyatazama makubadhi. Amon akasubiri. Alisubiri kwa adabu kabisa, kama anavyosubiri mtu aliyefundishwa kutomkatiza mfiwa. Kisha akachukua kiatu cha pili mkononi, hakukivaa, akatoka nacho hivyo hivyo.

Nje, mke wake alikuwa ameketi na hotipoti ya chakula cha jioni. Walimsikia akiita jina la mumewe mara moja, kwa mshangao. Halafu akapiga kigelegele, kirefu, kimepanda, kikaingia kwenye korido, kikapita kaunta, kikaenda mpaka kule ambako Josepha alikuwa anafunga mlango wa sero ya wanawake. Wanawake wengine wa nje, waliokuja kwa ajili ya wafungwa wao, wakamwitikia.

"Josepha," Dionis akasema, "nenda ukamwambie aache."

"Nenda wewe, afande."

Dionis akashika kitasa cha mlango wa nje. Akasimama hapo. Vigelegele viliendelea mpaka vikachoka vyenyewe.